Chai ya Kericho na Chai ya Maofisini



Ndugu zetu Waislamu, huenda msomaji akastaajabu kuona waraka wetu, uliozoea kuzungumza habari za Kibokoni na Majengo, leo umepanda bara hata Kericho, kwenye baridi na mvua na mashamba ya chai. Lakini chai ile si ngeni kwetu. Majani yachumwayo kule hushuka Mombasa, hulala katika maghala yetu, na huuzwa katika mnada ulioko mjini mwetu tangu 1969. Na wako wengi miongoni mwetu wanaopata riziki ya watoto wao kwa kuyapakua na kuyapakia. Mtu anayekula kwa mkono wa mwenziwe yampasa ajue habari za mwenziwe. Tena yaliyotokea Kericho si ya Kericho peke yake. Lau tungebadilisha majina ya miji, habari ingesomeka sawasawa katika kaunti yoyote ya pwani, wala hapana ambaye angeshituka.

Kuna chai mbili. Ya kwanza ni ile mchumaji anayoichuma kwa vidole vyake, majani mawili na chipukizi, tangu alfajiri hata kapu limjae mgongoni, na mvua ikimnyeshea. Hiyo ni halali tupu. Ya pili ni ile anayoiomba mtu aliyeketi kitini, hakuinuka wala hakutota, akakuambia kwamba faili lako haliwezi kutembea pasi na chai. Twaona ni dhulma juu ya dhulma, kwamba jina la kitu kilichotoka jashoni limeazimwa likafunika kitu kilichotoka katika haramu. Na hii ndiyo tabia ya maovu yote: huona haya kutembea uchi, basi huvaa majina ya watu. Riba huitwa faida, na rushwa huitwa chai, au kitu kidogo, au nauli, au shukrani. Siku hizi haipitishwi hata chini ya meza, bali hutumwa kwa simu, ikafika kwa mlio mdogo kama salamu. Jina likibadilika, hukumu haibadiliki.

Sasa tuingie katika habari yenyewe.

Jioni ya Ijumaa, tarehe 30 Juni 2023, nasi tukiwa bado katika siku za Idi ya kuchinja, gari kubwa la mizigo lililokuwa likielekea Kericho liliacha njia penye njia panda ya Londiani, likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara: wachuuzi waliotandaza bidhaa zao, vijana wa pikipiki, abiria wenye kungoja gari. Walikufa watu zaidi ya 50 kwa mara moja, na wengine wengi wakaumia. Nchi nzima iliingia msiba, na watu wakatoa. Ikakusanywa michango kwa ajili ya wafiwa na majeruhi, nayo ikawa mikononi mwa wenye kuongoza kaunti.

Ndugu zetu, fedha za namna hii ni nini katika sheria yetu? Si mali ya serikali, wala si mali ya gavana, wala si mali ya aliyeitoa, kwani yeye ameshaitoa. Ni mali ya yatima na ya mjane na ya mtu aliyelala hospitali hajui kesho atafanya kazi gani. Yule aliyekabidhiwa ni wakala wao tu. Na wanavyuoni wetu wa madhehebu ya Imamu Shafi wameeleza hukumu ya mtu aliyewekewa amana: ikipotea bila ya taksiri yake, halipi, lakini akiigeuza njia, akaitia katika kazi nyingine hata kama kazi hiyo ni nzuri, hapo huwa ameshakuwa dhamini, na deni limeshamganda. Fahamuni vyema neno hili, kwani wengi hudhani kwamba khiana ni kutia mfukoni tu. La. Mwenye kuchukua fedha ya wafiwa akajengea barabara, naye amekhini, japokuwa barabara watu wote wanaipita.

Baada ya muda yakaja maneno kule Kericho. Mwezi wa Oktoba 2024 Bunge la Kaunti lilipiga kura ya kumwondoa gavana, Erick Mutai, aliyechaguliwa 2022. Miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ilikuwamo habari ya fedha hizi za wafiwa wa Londiani: wako waliodai kwamba hazikufika zilikokusudiwa zote, na yeye gavana akakanusha. Jina lake tumelitaja kwa kuwa habari hii ilisomwa hadharani mbele ya Seneti, si kwa kumhukumu. Sisi hatukuziona hati, hatukusikia mashahidi, na katika dini yetu mwenye kudai ndiye anayedaiwa ushahidi. Msomaji atakayetoka katika ukurasa huu akaenda barazani kusema kwamba waraka wetu umemwita fulani mwizi, huyo ametuzulia, na atakuja kutukuta mbele ya Mola wetu.

Wajumbe wa Bunge lile ni 47. Waliokubali gavana aondolewe walikuwa 31. Sheria yataka theluthi mbili. Haya, chukua kalamu uhesabu: theluthi mbili ya watu 47 ni watu 31 na theluthi moja ya mtu. Na mtu hagawanyiki kama muwa, kwa hiyo walihitajiwa 32. Shauri lilipofika Nairobi katika Seneti, mawakili wa gavana walisimama juu ya hesabu hiyo, na Seneti ikaikubali, ikalifunga shauri kabla ya kuingia ndani yake. Mwezi wa Agosti 2025 Bunge lile likarudia tena. Mara hii zikahesabiwa kura 33, zilizopigwa kwa mitambo. Lakini likatoka shauri jingine, kwamba wako wajumbe walioapa kuwa wao hawakupiga kura hiyo, bali kura zao zilipigwa wasipokuwapo. Seneti ikakubali pingamizi, ikalifunga shauri mara ya pili, pale pale mlangoni.

Hatusemi kwamba Seneti ilikosa. Hesabu ni hesabu. Na lau mlango wa kumwondoa mtu aliyewekwa na maelfu ya wapigaji kura ungekuwa mwepesi, wenye chuki wangeufungua kila mwezi, na nchi isingetulia. Lakini tazameni lililobaki. Aliyetuhumiwa hakusafishwa, aliyetuhumu hakukadhibishwa, na mjane wa Londiani hakujibiwa. Watatu hawa wote wana haki, na wote watatu wametoka mikono mitupu kwa sababu ya theluthi ya mtu mmoja na kura zisizojulikana zilipigwa na nani. Ikiwa gavana hana kosa, basi naye amedhulumiwa, kwani atatembea maisha yake yote na doa ambalo hakupewa nafasi ya kulifua.

Kwa nini ikawa hivi? Sisi twaona sababu yake ni moja: suali liliulizwa kwa kuchelewa, na likaulizwa na midomo yenye shauri jingine. Suali la fedha za wafiwa halikuwa na haja ya kungojea kura wala Seneti wala mawakili. Lilikuwa la kuulizwa wiki ile ile fedha zilipokuwa zikihesabiwa, na mtu yeyote aliyetoa shilingi yake: zimeingia ngapi, zimewekwa wapi, nani atia sahihi, lini zatoka, na kwa jina la nani. Karatasi moja iliyobandikwa ukutani pale Londiani, yenye mapato upande mmoja na matumizi upande wa pili, ingeyamaliza mambo ambayo maseneta hawakuweza kuyamaliza kwa vikao viwili. Mali ya watu hailindwi kwa kumtafuta mtu mwema na kumwachia. Hata mtu mwema hulindwa wema wake kwa kuhesabiwa.

Na huu si uzushi wetu sisi. Itazameni sira ya Mtume (s.a.w.). Alimtuma mtu wa kabila la Azd, aitwaye Ibn al-Lutbiyya, kwenda kukusanya zaka za Banu Sulaym. Mtu yule akaenda, akakusanya, akarudi Madina. Mtume (s.a.w.) akamfanyia hesabu. Angalieni: huyu ni sahaba, ametumwa na Mtume mwenyewe, na bado amefanyiwa hesabu! Yule bwana akaigawa mali mafungu mawili. Akasema hili ni lenu, na hili mimi nimepewa zawadi. Mtume (s.a.w.) akakasirika. Akamwuliza kwa nini hakuketi nyumbani kwa babake na mamake, akaona kama zawadi hiyo ingemfuata huko. Kisha akapanda mimbari akawahutubia watu, akawaonya kwamba hapana atakayechukua kitu cha namna hii ila atakuja nacho Siku ya Kiyama amekibeba shingoni: ngamia akilia, au ng'ombe, au mbuzi. Akainua mikono yake miwili juu hata ukaonekana weupe wa makwapa yake, akamshuhudiza Mwenyezi Mungu kwamba amefikisha.

Wengi wameisikia hadithi hii, lakini sisi twapenda kuwaonyesha mambo mawili ndani yake. La kwanza, katika hotuba ile Mtume (s.a.w.) hakulitaja jina la mtu. Alisema habari ya mjumbe tunayemtuma akarudi akasema kadha wa kadha. Kosa likatangazwa juu ya mimbari ili kila mtu alijue, na mkosaji akaachiwa sitara yake. Sisi leo tumeligeuza: majina ya watu twayatangaza kila baraza, na lile kosa lenyewe hatulielezi, hata vijana wetu wanajua fulani ni mla rushwa, wala hawajui rushwa ni nini. La pili ni lile suali la kuketi nyumbani. Hiki ndicho kipimo. Ewe karani wa leseni, ewe mkaguzi wa masoko, ewe mjumbe wa wadi: mbuzi aliyeletwa kwako siku ya Idi, je, angaliletwa lau ungalikuwa muuza mkaa? Ikiwa jawabu ni la, basi mbuzi yule hakuletwa kwako. Ameletwa kwenye kiti, na kiti ni cha watu.

Tena la ajabu ni kwamba Katiba ya Kenya ya 2010, iliyoandikwa na watu wa dini mbalimbali, imefika pahali hapo hapo. Katika sura yake ya 6, ibara ya 76, imehukumu kwamba zawadi anayopewa afisa wa dola katika shughuli ya kiserikali huwa ni zawadi ya Jamhuri, naye yampasa aikabidhi, ila ile iliyoruhusiwa na sheria ya Bunge. Na ibara ya 73 imesema kwa maneno yake kwamba mamlaka aliyopewa afisa ni amana ya umma. Na ibara ya 226 imemfuata mtu hata baada ya kutoka kazini: aliyeidhinisha fedha za umma zitumike kinyume cha sheria, hasara yake huilipa yeye mwenyewe, akiwa bado kitini au ameshaondoka. Msomaji aliyehifadhi habari ya ngamia anayelia shingoni ataona kwamba hapa duniani pia wamejaribu kumbebesha.

Basi sheria tunazo. Kuna Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi tangu 2011, kuna Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, kuna Mdhibiti wa Bajeti, na kila mtumishi wa serikali hutakiwa kuandika mali yake kila baada ya miaka miwili. Hili la mwisho nalo tumelisoma katika habari za Sayyidna Umar, aliyekuwa akiandikisha mali ya magavana wake kabla hawajaenda kazini, na anayerudi na ziada asiyoweza kuieleza humchukulia. Tafauti iliyopo ni kwamba kwa Umar daftari lilifunguliwa. Kwetu hujazwa likafungwa kabatini.

Katika darsa yetu ndugu mmoja aliuliza: sisi wanyonge tutafanya nini, na wenye kula ni wakubwa? Suali hili huulizwa kila mara, na kila mara hulifurahia nafsi, kwani hutuondolea kazi. Tujibu kwa uwazi. Rushwa ina mikono miwili. Mtume (s.a.w.) amemlaani mtoaji na mpokeaji pamoja, hakumbagua mmoja. Na sheria ya Kenya ya 2016 kuhusu hongo imefanya vivyo hivyo: kutoa ni kosa kama kupokea. Mkono wa juu hatuufikii, lakini mkono wa chini ni wetu.

Hapa patatokea mtu mwenye elimu kidogo aseme: wanavyuoni wameruhusu mtu kutoa ili aipate haki yake iliyozuiliwa, na dhambi ikawa ya mpokeaji peke yake. Kweli, wako waliosema hivyo, na hatuwezi kuikanusha kauli yao. Lakini wameitia masharti, na masharti hayo ndiyo tuliyoyaacha ufuoni. Haki iwe ni yako kweli. Dhulma iwe imethibiti. Na njia nyingine isiwepo. Je, ndugu yangu unayejenga ghorofa ya tatu juu ya uchochoro wa watu, ukampa mtu wa baraza la mji chake ili asione, hiyo ni haki yako iliyozuiliwa? Wewe uliyempa karani ili jina la mwanao litangulie mbele ya mtoto wa mtu mwingine katika orodha ya msaada wa karo, umeondoa dhulma au umeifanya? Ukweli ni kwamba katika kila kumi tunaosema tumelazimishwa, walio wengi tulikuwa na haraka tu. Na haraka si dharura. Rukhsa iliyowekwa kwa mtu anayezama, tumeitumia sisi tuliochoka kupiga foleni.

Wale wa Kericho wanaijua sana habari ya kipimo. Mkulima mdogo huchukua majani yake mpaka kituo cha kununulia, karani hupima, mkulima huandikiwa kilo zake, na malipo ya mwezi na bonasi ya mwaka vyote hufuata tarakimu ile. Kilo moja ikipunjwa kila siku, mwisho wa mwaka imepunjwa ada ya skuli. Ndiyo sababu Mwenyezi Mungu ameteremsha sura nzima kuwaonya wenye kupunja. Na alipotumwa sahaba Abdallah bin Rawaha kwenda Khaibar kukadiria tende baina ya Waislamu na Mayahudi, wale watu walimkusanyia mapambo ya wake zao ili apunguze makadirio. Akayakataa, akawaambia kuwa hiyo ni haramu isiyoliwa. Wala hakuwaongezea fungu kwa kuwachukia. Twaitaja hadithi hii kwa makusudi. Kericho Waislamu ni wachache, na wenyeji wengi ni Wakristo. Wako baadhi yetu wanaodhani kwamba mali ya serikali, kwa kuwa si serikali ya Kiislamu, ni ghanima. Hiyo ni itikadi mbovu kabisa. Mwenye kuyala ya watu wa Kericho amewala wachumaji wa chai, na mchumaji ana haki yake kwa Mwenyezi Mungu, anaswali au haswali.

Twapenda sasa kusema neno ambalo baadhi ya wazee wetu hawatalipenda, nasi twawaheshimu. Sisi tunaoinyooshea kidole kaunti, hesabu zetu ziko wapi? Iko misikiti katika miji ya pwani ambayo sanduku lake hufunguliwa kila Ijumaa, na hapana mtu hata mmoja katika safu ya pili anayejua ndani yake mlikuwa na nini. Ziko nyumba za wakfu ambazo kodi yake ni ile ile ya zamani, na aliyepanga ni jamaa wa msimamizi. Iko michango ya maji, ya madrasa, ya mazishi, na ya futari ya Ramadhani. Ukiuliza waambiwa: ewe, wamshuku Bwana fulani? Na hapo ndipo mambo yote huharibika. Kuuliza hesabu tumekufanya kuwa ni tusi. Mtoto aliyekulia katika msikiti usiosomewa hesabu, akichaguliwa kesho mjumbe wa wadi, atajulia wapi kwamba hesabu husomwa?

Kuuliza si kushuku. Iko hadithi katika Sahih Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alionya kuwa mtu tuliyempa kazi, akatuficha hata sindano au zaidi yake, hiyo ni khiana atakayokuja nayo Siku ya Kiyama. Akasimama mtu mmoja katika Ansari, akamwomba Mtume aipokee kazi yake. Alijiuzulu papo hapo! Mtume akamwuliza ana nini. Akajibu kwamba amesikia aliyoyasema. Na Mtume (s.a.w.) hakumbembeleza kwa kumwambia kuwa yeye si katika wanaokusudiwa. Aliyarudia maneno yale yale: tuliyempa kazi na ailete yote, kidogo chake na kingi chake, atakachopewa achukue, na atakachokatazwa akiache. Hivi ndivyo wema walivyolipokea jambo hili. Aliyekuwa safi ndiye aliyekuwa wa kwanza kutetemeka, si wa kwanza kukasirika.

Na wale wanaotaka kujua la kufanya, wasingoje siku ya kura. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. (Msiba wa Londiani ulianguka siku ile ile madaftari ya kaunti yanapofungwa, Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye.) Makadirio ya matumizi ya kaunti yapasa yafike katika Bunge la Kaunti kabla ya tarehe 30 Aprili, na kabla ya kupitishwa wananchi huitwa watoe maoni. Mikutano hiyo hufanyika katika kumbi za wadi mchana wa siku za kazi, na mara nyingi wanaohudhuria ni wale waliolipiwa nauli. Vikao vya Bunge la Kaunti navyo, kwa ibara ya 196, ni vya wazi. Mtu yeyote aweza kuingia akaketi akasikiliza mjumbe wake asema nini, au kama amelala. Na kuna sheria ya 2016 ya kupata habari: raia huandika barua kwa ofisi ya umma akaomba hati anayoitaka, na ofisi yapasa imjibu katika muda wa siku 21. Barua haina ada ya wakili wala haitaki Kiingereza. Kiswahili kinatosha.

Mwandikaji asiandike kwa matusi wala asiandike peke yake. Waandike watu watano au sita wa mtaa mmoja, wataje kitu kimoja tu: kisima kile, zahanati ile, taa zile za barabarani, fedha zile za karo. Suali kubwa la kutaka kujua ufisadi wote wa kaunti halina jawabu. Suali dogo la kutaka kujua mabati 40 yaliyonunuliwa kwa ajili ya soko yako wapi, hilo humkosesha mtu usingizi. Nakala moja waiweke, na tarehe waiandike, na siku ya 22 waende wakaulize.

Sisi wenyewe tumeona haya kuwaandikia watu maneno haya kabla ya kuyatenda. Kwa hiyo hesabu ya darsa yetu na ya waraka huu, tangu Muharram hata mwisho wa mwezi uliopita, mapato na matumizi, pamoja na deni la karatasi tunalodaiwa, imebandikwa katika ubao ulio kando ya mlango wa madrasa, upande wa birika la kutawadhia. Kalamu imefungwa kwa uzi pembeni yake. Atakayeona tarakimu asiyoifahamu na aitie alama, na Ijumaa baada ya swala ya Alasiri mtunza hazina atakaa pale pale kujibu.